Mistari Niliyomfutia Katibu

Katibu hakuwa mtu wa haraka, jambo la ajabu kwa mtu ambaye kila alichoandika kilikuwa kinasubiriwa na jeneza. Alikuwa katibu wa chama chetu cha kuzikana hapa Babati. Kazi aliyojipa mwenyewe, maana katiba ya chama haikumpa, ilikuwa kuandika historia ya marehemu, ile inayosomwa nyumbani chini ya turubai kabla mwili haujapelekwa kanisani. Aliandika kwa mkono kwenye karatasi za daftari, kisha akaja dukani kwangu karibu na stendi nimchapie. Akiingia alisalimia kila aliyekuwemo, hata waliokuja kupiga picha za pasipoti, akakaa, akaomba maji, akayanywa yote. Ndipo alipotoa karatasi mfukoni na kuipuliza, kana kwamba maneno yameingia vumbi njiani.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba, mwalimu. Leo nimekuletea mama mmoja wa Sigino. Mchape vizuri, alikuwa mnene, usimbane kwenye ukurasa mmoja."

Mwalimu lilikuwa jina lake la kunitania, na liliniuma bila yeye kujua. Nilisomea ualimu wa Kiswahili, nikasubiri ajira mpaka nikachoka, nikafungua duka la steshenari: kompyuta moja, printa moja, na mashine ya nakala inayokwama siku za vumbi. Darasa sikuwahi kulipata. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililozaa mengine yote. Nilikuwa bado na boksi zima la kalamu nyekundu nililonunua chuoni, na mtu wa kwanza kuniletea daftari alikuwa mzee mwenye mvi aliyeishia darasa la saba.

Nikamsahihisha. Mwanzoni alicheka tu. Alisogeza kiti karibu na meza yangu, akaangalia kalamu inavyotembea, akasema, "Fyeka, mwalimu, fyeka. Ila angalia usikate na mahindi."

Namna yake ya kufanya kazi hakuiiga mtu. Mkifiwa, alikuja siku hiyohiyo, akakaa nje na wanaume, akanywa chai yake polepole. Tarehe ya kuzaliwa hakuuliza, wala idadi ya wajukuu. Hayo aliwaachia vijana wamwandikie pembeni. Alisubiri mpaka aliyekuwa karibu zaidi na marehemu atulie, akamsogelea na kuuliza swali moja: "Akiamka, alikuwa anashika nini kwanza?"

Wengine walimshangaa. Wengine waliangua kilio kabla ya kujibu, kwa sababu jibu lilikuwepo siku zote na hakuna aliyewahi kuwauliza. Ndiyo maana kila historia ya Katibu ilianza hivyo. Mama fulani akiamka alishika fagio, lakini hakufagia, aliliegemea na kuangalia Mlima Kwaraa ajue kama mvua iko njiani. Dereva mmoja wa lori akiamka alishika usukani ambao haupo, akiwa bado amefumba macho. Mvuvi wa pale ziwani akiamka alijishika magoti, kwanza la kulia, halafu la kushoto, akayasalimia kwa majina. Hayo magoti yalikuwa na majina kweli, na watu walicheka chini ya turubai huku kamasi zikiwatoka.

Mimi nilisema, "Katibu, hizi zote zinaanza sawa. Hiyo ni tabia mbaya ya uandishi. Msomaji anachoka."

"Na watu wote wanaamka, mwalimu. Nifanyeje?"

Jambo la pili lilikuwa majina. Neno marehemu hakulipenda. Alisema mtu akishafariki wanamvua nguo, wanamvua viatu, na wewe unakuja kumvua jina. Basi akiandika habari za Mama Elizabeti, kila sentensi ilikuwa na Mama Elizabeti, Mama Elizabeti alilima, Mama Elizabeti akauza, Mama Elizabeti akarudi. Nilizungushia duara nyekundu kila jina kuanzia la pili. Karatasi ikawa na vipele kama mtoto mwenye surua.

Na jambo la tatu ndilo hasa. Kila historia ya Katibu ilikuwa na kosa moja la marehemu. Moja tu, na la kweli. Mama huyu ukimwazima sufuria, ukaifuate mwenyewe. Mzee huyu aliapa kuacha pombe kila Kwaresima na kila Pasaka ikamkuta palepale. Akilisoma, Katibu alinyamaza. Aliyekosewa akasimama, akasema, "Nimemwachia," na watu wote wakaitikia, "Tumemwachia." Kosa likiwa dogo, ilikuwa kicheko. Likiwa kubwa, niliwahi kuona wanaume wazima wakikumbatiana. Katekista alinung'unika kwamba marehemu hasemwi vibaya. Katibu akamjibu kwamba asiyesemwa ni mgeni, na sisi hatujaja kumzika mgeni.

Nisije nikamfanya malaika. Katibu alikuwa na makosa ya uandishi ya kutosha kujaza gunia. "Kwa hiyo basi" aliipanda kila baada ya mistari miwili, kama mbaazi katikati ya mahindi. Alipenda maneno ya ofisini asiyoyahitaji: kwake mtu hakuhamia Mutuka, "alihamishia makazi yake katika eneo la Mutuka." Na kila mtu, mwema na mkorofi, alikuwa "mtu wa watu." Hata yule jirani yetu aliyefungia ng'ombe wa wenzake zizini mpaka walipwe, naye alikuwa mtu wa watu. Nilipomuuliza Katibu hao watu ni akina nani, alikuna kichwa.

"Hapo umenikamata. Hilo ni uvivu. Nikichoka kufikiri nalichomeka."

Mwenyewe aliwacheka wasemaji wa mikutanoni kwa maneno yao marefu, halafu akipewa kipaza sauti atoe neno dogo la shukrani, watu walikaa mpaka chakula kikapoa. Nyani haoni kundule, nilimwambia siku moja. Akakubali, na mkutano uliofuata akazungumza kwa muda uleule.

Siku ya mvua, wateja hawapo, nilimuuliza kwa dhati kabisa, "Katibu, wewe utajuaje kipi ni mtindo wako na kipi ni tabia mbaya tu uliyoizoea?"

Alifikiri mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Kitoe. Mtu akikiulizia, kilikuwa chako. Asipokiulizia, kilikuwa uchafu."

Niliona ni jibu la mtu asiyesoma. Chuoni tulikuwa tumefundishwa sifa za uandishi bora, kwa namba, na hiyo haikuwemo.

Baba yangu alifariki wakati wa kuvuna mbaazi. Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza, na jirani zetu Sigino walimwita Baba Theresia kwa jina langu. Asubuhi ya maziko Katibu aliniletea karatasi dukani, akaipuliza, akanipa bila utani. Nilikuwa nimevimba macho. Nadhani nilishika kalamu nyekundu kwa sababu ndicho kitu pekee nilichojua kukifanya siku ile.

Aliandika hivi: "Baba Theresia akiamka alikuwa anashika mlango wa chumba cha watoto, anausukuma kidogo, anachungulia, anaurudisha, na hata watoto walipokwisha kuondoka wote Baba Theresia aliendelea kuusukuma." Nikafuta. Nikaweka tarehe na mahali pa kuzaliwa. Kila Baba Theresia nikaifanya marehemu. Nikafika chini, nikakuta: "Kosa la Baba Theresia ni kwamba alipanda mbaazi hatua tatu ndani ya shamba la mdogo wake, akajua, akanyamaza, na ndugu hao wakaacha kusalimiana."

Baba yangu, mbele ya watu! Nikaikata kwa mistari miwili, nikachapa ukurasa safi wenye aya nne zilizolingana, nikamalizia kwa maneno ya kawaida ya kumalizia. Uandishi ule, nikiuangalia kwa macho ya chuo, haukuwa na kosa.

Chini ya turubai Katibu alifungua ukurasa uliochapwa mbele ya kipaza sauti. Alikuwa hajauona. Macho yake yalishuka mpaka chini, yakapanda tena, yakanitafuta. Mimi nikaangalia pembeni. Baba mdogo alikuwa amekaa viti vya mbele, kofia mikononi, mwili umeelekea mbele kama mtu anayetaka kuinuka. Katibu akasoma nilichochapa, neno kwa neno, sauti bila chumvi. Alipomaliza, watu wakasema amina. Baba mdogo akabaki vilevile kwa muda, halafu akavaa kofia, akaondoka kabla mwili haujatolewa. Udongo hakutupa.

Tulimsema sana siku ile. Shangazi zangu walisema ana moyo wa jiwe, na mimi nikaitikia. Mama yangu peke yake hakumsema. Jioni watu walipopungua aliniuliza, "Katibu hakusoma la mlango? Nilimwambia la mlango."

Nikainuka kukusanya vikombe.

Msimu ulipoisha nilikwenda Sigino kumuuliza baba mdogo kwa nini aliikimbia maiti ya kaka yake. Nilikwenda na hasira. Alikuwa anapura mbaazi kwenye turubai kuukuu. Aliacha fimbo, akaitikia shikamoo yangu, akanipa kigoda.

"Sikukimbia, mwanangu," alisema. "Mimi ndiye nilimfuata Katibu alfajiri, nikamwambia andika lile la shamba, nitasimama. Nilikuwa nimekuja kumwachia kaka yangu. Nikakaa nasubiri kusomewa. Hamkunisomea."

Karatasi ya Katibu ilikuwa kwenye mkoba wangu, ile yenye nyekundu. Nikaitoa mbiombio, nikasema nitakusomea sasa hivi, baba, simama tu useme. Akatikisa kichwa.

"Lile lilikuwa la kusemwa mbele yake, akiwa bado juu ya ardhi. Maji yakimwagika hayazoleki, Theresia."

Akanifungia mbaazi kwenye mfuko nimpelekee mama. Nilizibeba kwenye bajaji mpaka nyumbani nikilia waziwazi.

Sikwenda kumwomba radhi Katibu. Aibu ilinizuia, na nilijiambia akija dukani nitasema. Akaja. Akasalimia watu, akaomba maji, akatoa karatasi. Hakuipuliza. Nikaisoma: "Marehemu alizaliwa." Mstari wa pili: "Marehemu alisoma." Sentensi fupi, kila moja na nukta yake. La kuamka asubuhi hamna, jina liko mara moja tu juu kabisa, kosa hamna. "Mtu wa watu" ndiyo iliyobaki, peke yake, mwishoni.

"Nimejifunza, mwalimu," alisema. "Angalia, nyekundu haina pa kukaa."

Nilipaswa kusema siku ile. Nilipaswa kuichana. Badala yake nilichapa, kwa sababu wateja walikuwepo na jeneza lilikuwa linasubiri, na jeneza daima lilisubiri. Wiki zikawa miezi, na miezi ikazidi. Katibu akaacha kuuliza watu walishika nini asubuhi. Aliandikiwa tarehe na vijana, akazipanga. Kwenye misiba niliona watu wakitoa simu anapoanza kusoma. Kina mama walinong'ona kwamba Katibu amezeeka. Mmoja aliniuliza dukani, "Siku hizi mbona hatumwachii mtu?" Mwingine akauliza kwa nini hatutajiwi mtu jina lake. "Kwa hiyo basi" nayo ilikwisha kutoka, na mpaka leo hakuna hata mtu mmoja aliyeiulizia.

Hapo ndipo nilipoelewa jibu lake la siku ya mvua. Ila kuelewa na kwenda kusema ni mambo mawili, na mimi la pili lilinishinda. Kalamu nyekundu nilizitia kwenye boksi nikalisukuma chini ya meza. Haikusaidia. Alikuwa ameshajifunza kujifuta mwenyewe kabla hajanifikia.

Mwaka huu, upepo wa baridi ulipoanza, hakuonekana tena mjini. Mke wake akanipigia simu: Katibu miguu imekataa, haondoki kitandani, na ananiita nije na karatasi. Nikafunga duka, nikachukua bajaji mpaka Mutuka. Kwenye mkoba, sijui kwa nini, nilitia kalamu mbili, ya bluu na nyekundu.

Mkewe alikuwa nje ya jiko, anachambua maharage kwenye ungo. Nilimsalimia, nikachuchumaa, nikachambua naye kidogo. Kisha nikamuuliza. Nilisikia sauti yangu ikiwa ndogo.

"Mama, Katibu akiamka, anashika nini kwanza?"

Mikono yake ilisimama. "Ananishika kisigino," alisema. "Tangu aanze kazi yenu hiyo ya kuandika wafu. Ananishika kisigino anaona kama nina joto. Akishajua niko hai ndiyo anaamka. Zamani nilikuwa namfokea, mikono yake ni ya baridi." Akachukua jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa. "Miguu imekufa, lakini hilo bado anafanya."

Ndani, Katibu alikuwa ameegemezwa mito, shuka limemfika kifuani. Alikuwa amekonda mpaka masikio yameonekana makubwa. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniambia nikae mezani niandike ya kwake, kwa mkono, mashine baadaye.

"Vijana wataniandika mtu wa watu," alisema. "Nitageuka kaburini."

"Katibu, kwanza nikuulize." Nilikuwa nimesimama bado. "Msiba wa baba yangu. Uliona nimefuta. Lile la shamba ulikuwa unalijua kwa kichwa. Kwa nini ulisoma la kwangu?"

Aliangalia mikono yake.

"Nilipoifungua ile karatasi nikasema, kumbe. Kumbe miaka yote nimekuwa naharibu misiba ya watu, na hakuna aliyeniambia kwa sababu ya heshima. Wewe umesoma, mwalimu. Mimi nilikuwa najuaje? Nilidhani yote ni makosa yangu. Baba yako mdogo nilimwona amekaa kama mtu wa kuinuka. Nilimwona. Na bado nikasoma karatasi."

Nilikaa. Niliandika kwa muda mrefu. Niliandika Katibu akiamka anashika kisigino cha mke wake. Niliandika Katibu anaingia, Katibu anaomba maji, Katibu anapuliza karatasi, Katibu, Katibu, na sikutia marehemu hata mahali pamoja. Halafu nikamsomea. Alisikiliza amefumba macho. Kwenye kisigino alitabasamu, akageuza uso ukutani kidogo. Nilipofika mwisho akasubiri.

"Kosa liko wapi?"

"Bado sijalipata."

"Unalo. Andika."

Nikaandika. Ilinichukua muda kuliko ukurasa wote. Nikasoma: "Kosa la Katibu ni kwamba kwenye msiba wa Baba Theresia alikuwa na maneno ya kweli kichwani, na akasoma ya karatasi, na mtu aliyekuja kumwachia ndugu yake akarudi nyumbani na mzigo wake."

"Hapo," alisema. "Hiyo usiifute. Utakapoisoma, unyamaze kidogo. Wewe mwenyewe utakuwepo. Ukitaka, utasimama."

Nikamkumbuka baba mdogo na kofia mikononi.

"Sisubiri siku hiyo," nikasema, na nikasimama pale chumbani, mbele ya kitanda. "Nimekuachia, Katibu. Leo. Na mimi ndiye niliyefuta, mimi ndiye niliyekufundisha kujifuta, na kuja kukuambia kukanishinda."

Mlangoni mkewe alikuwa amesimama na ungo wake. Akasema taratibu, "Tumemwachia."

Katibu machozi yalimtoka bila kelele, yakateremka kwenye mikunjo. Kisha akainua mkono, ule wa baridi, akanishika kiganja.

"Na wewe nimekuachia, Theresia," alisema. Lilikuwa jina langu, mara ya kwanza kutoka kinywani mwake.

Akavuta shuka, akajifuta uso.

"Basi lile kosa lifute. Limemaliza kazi yake. Tafuta jingine, ninayo mengi."

Nikatoa kalamu nyekundu mkobani, nikalifuta.